Tarantula

Tarantula ni buibui wakubwa wenye nywele nyingi wa familia Theraphosidae katika oda Araneae. Kuna zaidi ya spishi 1,000, nazo huishi katika maeneo yenye joto ya Amerika, Afrika, Asia na Australia.

Jina

Jina limetokana na mji wa Taranto, kusini mwa Italia. Hapo awali aliitwa hivyo buibui mwingine, *Lycosa tarantula*, ambaye hayumo katika familia hii. Watu wa huko waliamini kwamba aliyeumwa naye hupona kwa kucheza ngoma bila kupumzika. Baadaye Wazungu waliwapa jina hilo buibui wakubwa waliowakuta Amerika.

Maumbile

Kama buibui wote, tarantula ana miguu minane, na mwili wake una sehemu mbili: ya mbele yenye kichwa na miguu, na fumbatio nyuma. Ana macho manane, lakini haoni vizuri. Hutambua windo kwa nywele zake, zinazohisi mtikisiko wa ardhi. Mkubwa kuliko wote kwa uzito ni *Theraphosa blondi* wa Amerika ya Kusini: miguu yake ikinyooshwa hufikia takriban sm 28.

Tarantula hana mifupa, bali gamba gumu la nje. Ili akue hana budi kulivua. Mguu uliokatika huota tena polepole kila anapojivua.

Chakula

Tarantula hatandi utando wa kunasia wadudu. Spishi nyingi hukaa shimoni lililotandikwa hariri, na usiku huvizia mlangoni. Hula panzi, mende na pengine mijusi au vyura wadogo. Humchoma windo kwa chonge zenye sumu, humtapikia majimaji ya kumeng'enya, kisha hunyonya nyama iliyoyeyuka.

Uzazi

Jike hutaga mayai, mara nyingi mamia, katika kifuko cha hariri na kuyalinda. Dume hufa muda mfupi baada ya kukomaa, lakini majike wa spishi kadhaa huishi zaidi ya miaka 20.

Tarantula na binadamu

Kwa kawaida sumu yao haimuui mtu. Spishi nyingi za Amerika hujikinga kwa kurusha nywele za fumbatio, ambazo huwasha kama upupu. Tarantula wa Afrika hawana nywele hizo. Wao huinua miguu ya mbele na kuonyesha chonge. *Pterinochilus murinus*, anayepatikana Kenya na Tanzania, huuma kwa maumivu makali na misuli huweza kukakamaa. Kwa hiyo asishikwe kwa mkono, wala kijiti kisiingizwe shimoni mwake.

Hatari kubwa zaidi ni ile inayowakabili wao. Wengi hukamatwa porini ili wauzwe kama wanyama wa kufugwa. *Brachypelma smithi* wa Meksiko aliwekwa chini ya mkataba wa CITES mwaka 1985, na jenasi yake yote mwaka 1994. Kwa kuwa jike huchukua miaka kadhaa kukomaa, akitolewa shimoni nafasi yake haijazwi upesi.