Mji Ulioacha Chemchemi Yake

Kando ya mlima Meru, mahali paitwapo Maji ya Chai na penginepo, wako watu wengi ambao meno yao yana madoa ya rangi ya kahawia tangu utoto. Mgeni asiyejua hudhani kwamba ni uchafu, humwambia mtoto apige mswaki. Naye mtoto hupiga mswaki hata ufizi ukatoka damu, wala doa halitoki. Si uchafu, ni kazi ya maji. Jambo hili lilivumbuliwa mbali sana na Meru, katika nchi ya Marekani, na sehemu kubwa ya sifa ni ya wazazi, si ya matabibu peke yao.

Mwaka 1901 tabibu kijana wa meno, Frederick McKay, alifika katika mji wa Colorado Springs. Akaona ya kuwa wengi waliozaliwa pale wana meno ya kahawia. Akawauliza sababu. Wengine wakasema, ni kula nyama ya nguruwe kupita kiasi. Wengine, ni maziwa mabaya. Wengine, ni chokaa iliyomo majini. Mwaka 1909 akajiunga naye Dk. G. V. Black, mtaalamu mwenye sifa kuu, wakachunguza pamoja mpaka Black alipofariki mwaka 1915. Wakaona mambo mawili. Kwanza, madoa huwapata wale waliokaa pale wakiwa watoto, meno yao ya kudumu yakiwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi. Mtu mzima aliyehamia hapatwi na neno. La pili lilikuwa geni zaidi: meno yale yenye madoa hayakuwa mepesi kuoza.

Walakini tendo lenyewe lilifanyika Oakley, mji mdogo katika jimbo la Idaho. Watu wa Oakley walikuwa wamejenga bomba la kuleta maji ya chemchemi ya uvuguvugu kutoka umbali wa maili tano. Baadaye wazazi wakaona meno mapya ya watoto wao yanatoka na madoa. Wangaliweza kufichana, maana doa la mtoto ni aibu ya nyumba. Lakini waliambiana, wakahesabu miaka, wakaona ya kuwa ubaya ulianza baada ya bomba. McKay akawaendea mwaka 1923. Akayapima maji, asione kitu. Hata hivyo akawashauri wakuu wa mji waliache bomba lile kabisa, wachukue maji ya chemchemi nyingine iliyo karibu.

Fikirini, ndugu wasomaji. Waliambiwa waache kazi ya mikono yao kwa ajili ya kitu ambacho mshauri mwenyewe hakuweza kukitaja jina. Watu wa Yeriko walipolalamikia maji yao walikuwa na Elisha. Hawa walikuwa na hesabu ya miaka tu. Wakakubali, na mwaka 1925 maji yakabadilishwa. Mwaka 1933 McKay akaandika ya kuwa watoto wadogo wa Oakley wanaota meno ya kudumu yasiyo na madoa. Kaka na dada zao wakubwa walibaki na yao, kwa kuwa jino likiisha kuumbwa halirudi nyuma.

Jina la kitu chenyewe lilikuwa limepatikana mwaka 1931. H. V. Churchill, mkemia wa kampuni ya aluminiamu, alisikia kwamba katika mji wa Bauxite, uliokuwa mali ya kampuni yake, watoto wana madoa. Akahofu watu wasije wakasema sufuria za aluminiamu ni sumu. Akapima maji kwa chombo kipya, akakuta floraidi nyingi kuliko alivyotazamia. (Hofu ya biashara nayo huleta faida mara moja moja.) Ndipo Dk. Trendley Dean, tabibu wa serikali, akapima mji baada ya mji. Akaona kwamba floraidi ikiwa kiasi cha miligramu 1 katika lita, madoa ni haba sana, na meno huoza kwa uchache. Basi kitu kile kile kikizidi huharibu, kikiwa kidogo hulinda. Tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, kwa kauli ya baraza lake, ukatia floraidi katika maji ya mji, wa kwanza duniani. Watoto wa shule wapatao 30,000 wakaangaliwa kwa miaka 15, na kuoza kwa meno kwa waliozaliwa baada ya tendo lile kulipungua kwa zaidi ya asilimia 60.

Kwa watu wa Meru shida ni ile ya Oakley, si ya Grand Rapids: floraidi imezidi, wala si meno tu, hata mifupa ya miguu ya watoto hupinda inapozidi mno. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji hupungua kwa mvuke, nayo hubaki. Magadi ya kulainishia maharage huiongeza. Maji ya mvua karibu hayana kabisa, na bati moja na pipa safi laweza kumtosha mtoto anayenyonya na anayefuata. Huko Ngurdoto, jirani na Maji ya Chai, kiko kituo cha serikali kilichofundisha kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa. Mifupa hiyo huchoka baada ya muda, hubadilishwa. Na nyumba moja peke yake hushindwa upesi kwa gharama na usahaulifu. Kwa hiyo swali la kamati ya maji, kabla ya kuchimba kisima kingine, ni lile walilouliza wazazi wa Oakley: watoto waliokunywa hapa tangu kuzaliwa, meno yao yakoje?