Nishani ya Kweli, Historia ya Uongo: Uthibitishaji wa Nishani za Kijeshi za Ujerumani Zinazohusu Vita vya Maji Maji

1.0 Utangulizi
Tarehe 13 Juni 1912, Kaisari Wilhelm II alianzisha Nishani ya Kumbukumbu ya Makoloni (Kolonial-Denkmünze) kwa walioshiriki operesheni za kijeshi katika makoloni ya Ujerumani. Aliyepigana katika vita mahususi aliongezewa kibati chembamba kwenye utepe, chenye jina la eneo na mwaka. Kibati kimojawapo kimeandikwa “Deutsch-Ostafrika 1905/07”. Kwa mkusanyaji, maneno hayo hupandisha bei. Kwetu, yanataja Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Umatumbi mwezi Julai 1905 na ambavyo, pamoja na njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba na maghala, viliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Makala haya yanatetea hoja moja: kinachopaswa kuthibitishwa si nishani peke yake, bali pia dai linaloambatanishwa nayo.

2.0 Ushahidi wa Madini na Kitambaa
Nishani halisi ilipigwa chapa kwa mashine. Nakala iliyosubiwa kwa kalibu huonyesha vitundu vidogo na herufi butu, na aghalabu huwa ndogo kidogo kwa kuwa madini hunywea yakipoa. Msalaba wa Chuma wa mwaka 1914 una kiini cha chuma ndani ya fremu ya fedha, hivyo sumaku huwa kipimo cha kwanza; lakini mghushi naye anaweza kutumia chuma. Utepe humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, kwani nyuzi zilizotiwa kemikali za kung’arisha za miongo ya baadaye hung’aa. Hata hivyo, mwenye nishani angeweza kubadilisha utepe uliochakaa. Utepe mpya hauihukumu nishani.

Tatizo kubwa zaidi ni kibati. Hakikuungwa na nishani. Kilivishwa tu kwenye utepe. Mfanyabiashara aweza kuchukua nishani halisi isiyo na kibati na kuiongezea kibati adimu. Nishani itafaulu vipimo vyote, ilhali askari ambaye hakukanyaga Kilwa wala Songea atakuwa amefanywa mpiganaji wa Maji Maji.

3.0 Ushahidi wa Maandishi
Hapa ndipo mtafiti wa lugha anapohitajika. Kwanza, tarehe: hati ya kutunukiwa nishani hii yenye tarehe ya mwaka 1908 ni ya kughushi, hata kama karatasi yake ni kuukuu. Pili, tahajia: Wajerumani waliandika “Muansa” na “Udjidji”; hati inayodaiwa kuwa ya ofisi yao na iliyoandikwa “Mwanza” inastahili kuhojiwa. Vilevile, mkutano wa tahajia uliofanyika Berlin mwaka 1901 uliondoa “h” katika maneno kama “Thal”. Lakini makarani hawakubadili mazoea kwa siku moja. Tahajia ni dalili, si hukumu.

Tatu, jina la mtunukiwa litafutwe katika kumbukumbu. Shambulio la anga la Aprili 1945 mjini Potsdam liliteketeza sehemu kubwa ya nyaraka za jeshi la Prussia, na mghushi hujificha nyuma ya majivu hayo. Hata hivyo, nyaraka za ofisi ya makoloni zimehifadhiwa Berlin, na majalada ya utawala wa Kijerumani yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

4.0 Hitimisho
Koloni lile lilijumuisha Tanzania Bara, Rwanda na Burundi za leo. Kwa hiyo makumbusho ya nchi zote tatu yanaweza kuuziwa au kutunukiwa vitu hivi. Tunapendekeza kila taasisi ijibu maswali matatu kwa kumbukumbu tofauti: Je, nishani ni halisi? Je, kibati na nishani vilikuwa pamoja tangu awali? Je, alitunukiwa nani? Swali lisilo na ushahidi lijibiwe “haijulikani”, na jibu hilo liandikwe wazi kwenye maelezo ya maonyesho. Mjini Songea, ambako viongozi wa Wangoni walinyongwa mwezi Februari 1906, kizazi cha waathirika kingalipo. Hakistahili kuonyeshwa nishani ya kweli iliyobebeshwa historia ya uongo.