Ziwa Mweru na Mnunuzi Mkubwa: Kutoka Migodi ya Katanga hadi Jiko la Shule

Shule, hospitali au kambi ya wafanyakazi inaponunua chakula kwa wakulima na wavuvi wa jirani, husemwa kuwa pande zote zimefaidika. Historia ya ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, kutoka Nchelenge hadi nchi ya Chifu Puta wa Wabwile, inatutaka tuulize zaidi: ni nani anayeamua kinunuliwe chakula gani, lini, na kupitia mkono wa nani?

Katika enzi ya ukoloni, mnunuzi mkubwa alikuwa mgodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, leo Lubumbashi, ukaanzishwa mwaka 1910. Vibarua wa kambini walilishwa kwa posho, na samaki wa Mweru na Mto Luapula wakapata soko. Lakini kati ya mvuvi na kambi walisimama wafanyabiashara, wengi wao Wagiriki wa Kasenga, upande wa Kongo. Wao ndio waliokuwa na mashua za injini, barafu, na malori ya kusafiri kilomita zipatazo 200 hadi mjini. Samaki mbichi hasubiri. Mvuvi asiye na barafu hakuweza kukataa bei ya mwenye barafu.

Samaki aliyetafutwa sana alikuwa mpumbu, ambaye wakati wa mvua hupanda Luapula kwa makundi kwenda kutaga mayai. Nyavu zilimngoja njiani, mayai yakiwa bado tumboni. Kufikia miaka ya 1950 mpumbu alikuwa ameadimika. Migodi iliweza kutafuta kitoweo kwingine. Mvuvi hakuwa na ziwa jingine.

Baada ya uhuru wa Zambia mwaka 1964, serikali yenyewe ikawa mnunuzi mkubwa wa mazao. Shirika la NAMBOARD, lililodumu kuanzia 1969 hadi 1989, lilishughulika hasa na mahindi. Watu wa Luapula, ambao chakula chao kikuu ni muhogo, walikuta soko la serikali likiita zao lisilo lao. Aliyetaka kuiuzia serikali ilimbidi alime kile ambacho mnunuzi alikizoea.

Wakati huohuo ziwa lilikuwa linaonyesha njia nyingine. Katika miaka ya 1970 na 1980 ulikua uvuvi wa chisense, dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Dagaa mkavu hahitaji barafu wala mashua ya injini. Kwa sababu hiyo hata wanawake wenye mtaji mdogo waliingia katika biashara hiyo na kupeleka magunia hadi miji ya Ukanda wa Shaba. Muhogo nao hukaa ardhini hadi mwenyewe aamue kuuchimba. Chakula kinachoweza kusubiri humpa muuzaji nguvu ya kusema hapana.

Funzo hili linauhusu mpango wa chakula shuleni, ulioanza Zambia mwaka 2003 kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na ambao tangu mwaka 2011 umesisitiza mazao ya wakulima wa nchini. Mlo wake wa kawaida umekuwa mahindi, maharage au kunde, na mafuta. Kwa Nchelenge na Puta, “nchini” bado si “hapa”. Wapo watakaosema kwamba muhogo ni wanga mtupu, na kwamba ule mchungu una sumu usipolowekwa vizuri. Ni kweli, lakini mahindi nayo huhitaji kitoweo, na kuloweka muhogo ni ujuzi ambao akina mama wa Luapula wanao tangu zamani.

Kalenda nayo ina neno. Uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na muhula wa kwanza wa shule huanza Januari. Shule itakayodai samaki mbichi mwezi huo itarudia kosa la kambi za migodi. Ikinunua dagaa wakavu kabla ya Desemba, kwa bei iliyokubaliwa mapema na bila dalali, itawalisha watoto na kuliacha ziwa lipumzike.

Kwa hiyo ukubwa wa mnunuzi hautoshi kumwinua mzalishaji mdogo. Katanga ilinunua kwa wingi, na mpumbu akaisha.