Kati ya Midoli na Kochi

Tiba ya kisaikolojia kwa vijana wa umri wa balehe, yaani kuanzia miaka 10 au 11 hadi 18 hivi, ilichelewa kupata nyumba yake. Mtoto mdogo alipewa midoli acheze huku mtaalamu akimtazama. Mtu mzima alilala kochini akaeleza ndoto zake. Kijana wa katikati, aliyekwisha kuona haya kucheza midoli lakini hana subira ya kochi, alizungushwa kati ya shule, mahakama na kliniki kwa zaidi ya nusu karne.

Mwanzo wenyewe haukuhusu huzuni wala hofu, bali tahajia. Machi 1896 mwalimu mmoja wa Philadelphia, Marekani, alimpeleka kwa Lightner Witmer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mvulana wa miaka 14 aliyeshindwa kuandika maneno sawasawa ingawa hakuwa mjinga. Witmer aliona kwamba macho yalikuwa na kasoro. Mvulana akapata miwani, kisha akafundishwa kusoma upya. Kliniki iliyozaliwa hapo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya saikolojia duniani. Miwani si tiba ya nafsi, bila shaka. Kilichodumu ni ile desturi ya kumchunguza kijana kabla ya kumlaumu.

Desturi hiyo ilihamia mahakamani. Chicago ilikuwa na mahakama ya watoto tangu 1899, na majaji walichoka kuona sura zilezile zikirudi. Mwaka 1909, kwa fedha za mfadhili Ethel Sturges Dummer, daktari William Healy alifungua taasisi ya kuwachunguza vijana hao. Kila mmoja alitakiwa asimulie habari zake kwa maneno yake mwenyewe, jambo ambalo polisi na walimu hawakuwa na muda nalo. Kutoka hapo ukazuka utaratibu wa watu watatu: daktari wa akili, mwanasaikolojia na ofisa wa ustawi wa jamii. Miaka ya 1920 mfuko wa hisani wa Commonwealth Fund ulieneza kliniki za namna hiyo Marekani, na mwaka 1927 Emanuel Miller akafungua ya kwake mashariki mwa London. Mara nyingi daktari aliongea na mtoto, na ofisa wa ustawi akaongea na mama. Baba alionekana kwa nadra.

Huko Vienna mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1900 baba mmoja alimpeleka binti yake wa miaka 18 hivi kwa Sigmund Freud, mwanzilishi wa fani ya uchambuzi wa nafsi, ambaye baadaye alimwandika kwa jina la Dora. Binti alilalamika kwamba rafiki wa baba yake alimtongoza. Freud, badala ya kushika shauri hilo kama lilivyosemwa, alitafuta tamaa iliyofichika ndani ya binti mwenyewe. Baada ya wiki 11 hivi, siku ya mwisho ya mwaka, Dora aliaga na kwenda zake. Kwa macho ya leo, aliyeshindwa kazi hapo ni mganga, si mgonjwa.

Mtu wa Vienna aliyewaelewa vijana vizuri zaidi alikuwa mwalimu, August Aichhorn. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alisimamia makao ya watoto watukutu huko Oberhollabrunn. Wakorofi 12, waliokuwa wameshindikana katika kila kundi, aliwaweka pamoja akawaagiza wafanyakazi wasiwapige wala wasiwapinge, mradi mtu asiumie. Vioo vilivunjwa, samani zikaharibiwa. Hasira ilipokosa wa kupambana naye iligeuka kilio, na polepole vijana wakaanza kuwaambata walezi wao. Aichhorn aliyaeleza hayo katika kitabu cha 1925, kikiwa na dibaji ya Freud. Ni vigumu kuona makao yoyote ya sasa yakiruhusiwa kurudia jaribio hilo, lakini hoja yake ilibaki: kijana hatibiki kabla hajamwamini anayemtibu.

Wafuasi wa Freud waliohamia London, Anna Freud na Melanie Klein, walibishana vikali kuhusu watoto wakati mabomu ya Vita Kuu ya Pili yakianguka, na ugomvi wao ulihusu zaidi wadogo. Anna Freud mwenyewe alikiri mwaka 1958 kwamba umri wa balehe umekuwa kama mtoto wa kambo katika fani yao. Alieleza pia kwamba msukosuko wa umri huo ni wa kawaida, na kwamba kijana anayeupita bila wimbi lolote ndiye wa kutiliwa shaka. Dai hilo la pili limepingwa sana na utafiti wa baadaye.

Mageuzi makubwa yalitoka katika tiba ya fikra na mienendo, ambayo Aaron Beck aliianza Philadelphia miaka ya 1960 kwa watu wazima wenye sonona. Mjini humohumo, katika Chuo Kikuu cha Temple, Philip Kendall aliigeuza iwafae watoto wenye wasiwasi. Mpango wake una vikao 16. Katika nusu ya kwanza mtoto hujifunza kutambua dalili za hofu mwilini, kama tumbo kuvuruga na mikono kutoa jasho, na kuyakamata mawazo yanayoichochea. Katika nusu ya pili hukutanishwa na anachokiogopa, kwa ngazi: anayeogopa kusimama mbele ya darasa huanza kusoma mbele ya mtu mmoja, kisha watatu. Jaribio la 1994 lilihusu watoto 47 wa miaka 9 hadi 13. Asilimia 64 ya waliotibiwa hawakuwa tena na ugonjwa wa wasiwasi waliofika nao.

Kwa sonona, Laura Mufson wa New York alirekebisha tiba inayoshughulikia mahusiano: misiba, magomvi nyumbani, wazazi kutengana. Jaribio jingine kubwa, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2004, lilitumia mazungumzo ya tiba ya fikra na mienendo, na lilikuwa na vijana 439 wa miaka 12 hadi 17. Baada ya wiki 12 walipata nafuu asilimia 71 ya waliopewa dawa ya fluoxetine pamoja na mazungumzo, 61 kwa dawa peke yake, 43 kwa mazungumzo peke yake, na 35 kwa kidonge kisicho na dawa. Matokeo hayo yaliwashtua watetezi wa mazungumzo, ingawa kufikia wiki ya 36 mazungumzo yalikuwa yameifikia dawa. Nao Alec Miller na Jill Rathus, wakiwa Bronx, walichukua tiba ya Marsha Linehan kwa watu wanaojidhuru na kuwaketisha wazazi darasani pamoja na watoto wao.

Afrika Mashariki haikukosa mtu wa kuketi na kijana. Katika unyago na jando, kungwi au somo alisema yale ambayo mzazi aliona aibu kuyatamka, ingawa kazi yake ilikuwa kufunda, si kutibu. Tiba ya kitaalamu ilipofika, uhaba wa wataalamu uliilazimisha ipite mikononi mwa watu wa kawaida. Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, wanasihi waliofunzwa kwa ajili hiyo tu waliwahudumia kwa vikundi nusu ya watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na wazazi na kushiriki katika utafiti mmoja, walezi nao wakiwa na vikao vyao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: dalili za kiwewe zilipungua, na baada ya mwaka tofauti ilidumu upande wa Kenya, ilhali Moshi watoto wasiopata tiba hiyo nao walikuwa wamepata nafuu kama wenzao.

Mwaka uliofuata ulitoka utafiti wa shirika la Kenya, Shamiri, lililoanzishwa na Tom Osborn. Kati ya wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi, nusu hivi walikutana kwa wiki nne tu, wakijadili shukrani, maadili wanayoyathamini na uwezo wa mtu kubadilika. Dalili zao zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na nafuu ilionekana hata miezi saba baadaye. Vikao havikutangazwa kuwa tiba ya ugonjwa, ili mwanafunzi asichekwe bwenini, na walioviongoza walikuwa vijana waliomaliza sekondari si zamani.