Damu ya Kijakazi na Sarafu ya Wiki: Kwa Miguu Mjini Lyon



Wapendwa Taifa la Mungu, wiki hii tunawaalika tutembee pamoja katika mji wa Lyon, Ufaransa, pale mito ya Saône na Rhône inapokutana. Tuliuzunguka mji huo siku moja kwa miguu, tukiwa peke yetu, na ramani ya karatasi mkononi na rozari mfukoni. Msafiri asiye na mwenzi hana wa kumharakisha, husimama apendapo.

Tulianzia kilima cha Croix-Rousse, kwenye magofu ya uwanja wa michezo wa Warumi, uliozinduliwa mwaka 19 baada ya Kristo. Katika dhuluma ya mwaka 177 Wakristo wa Lyon waliteswa na kuuawa mbele ya umati. Askofu wao Potino, mzee aliyepita miaka 90, alifia gerezani. Hata hivyo, anayekumbukwa kuliko wote ni Blandina, kijakazi. Barua ya Wakristo wenzake, iliyohifadhiwa na mwanahistoria Eusebio, yaeleza kwamba bibi yake, naye Mkristo, alihofu kuwa mwili ule dhaifu usingeweza kustahimili. Kumbe watesi walipokezana tangu asubuhi hadi jioni, wakachoka wao! Miili ya wafiadini ilichomwa na majivu yakatupwa mtoni Rhône, ili lisibaki lolote. Leo nguzo imesimama uwanjani hapo kumkumbuka kijakazi, na mwaka 1986 Papa Yohane Paulo II alifika kusali.

Kutoka hapo tuliteremka kupitia mitaa ya wafumaji wa hariri, ambao mwaka 1831 na 1834 waliasi kwa sababu ya ujira duni. Bondeni tuliingia kanisa la Saint-Nizier, penye kaburi la Pauline Jaricot, aliyezaliwa mwaka 1799, binti wa tajiri wa hariri. Pauline aliwapanga wafanyakazi katika makundi ya watu kumi kumi. Kila mmoja alisali na kutoa sou moja kwa wiki, sarafu ndogo kabisa, kwa ajili ya misioni. Kutokana na mpango huo, tarehe 3 Mei 1822, lilizaliwa Shirika la Uenezaji wa Imani.

Tulivuka mto Saône, tukapanda njia kali ya ngazi na mawe kuelekea Basilika la Fourvière. Magoti yalilalamika. Kando ya njia hiyo ipo nyumba iitwayo Lorette, alimoishi Pauline hadi kifo chake. Mali yake aliitia katika kiwanda ambamo wafanyakazi wangeishi kwa heshima; aliowaamini wakamdanganya. Alifariki tarehe 9 Januari 1862, maskini mwenye madeni. Miaka 160 baadaye, tarehe 22 Mei 2022, alitangazwa Mwenyeheri katika mji uleule.

Tukipumzika hapo, dhamiri ilitusuta. Ni mara ngapi, baada ya Misa, tumezipita sarafu za kikapu upesi upesi, macho yakitafuta noti? Ilhali wamisionari wengi wa karne ya 19 walioleta Injili katika nchi zetu walitegemezwa na sarafu za namna hiyo, zilizotolewa na watu ambao hawakutujua. Bibi yake Blandina alipima nguvu kwa kuangalia mwili. Nasi tumepima sadaka kwa kuangalia kiasi.

Wapendwa, sadaka ya Dominika ya Kimisionari huingia katika mfuko wa Shirika hilohilo alilolianzisha Pauline. Mwenye kidogo asione haya kukileta. Nasi wachungaji tukipokee kwa mikono miwili, kwa maana tulizaliwa katika imani kwa kidogo cha wengine.

Mtakatifu Blandina, utuombee. Mwenyeheri Pauline, utuombee.