Maandishi ya Wakfu: Kutoka Marib hadi Dabani

Nani alijenga, kwa ajili ya nani, na kwa sababu gani? Jiwe la msingi la kanisa, msikiti au shule hujibu maswali hayo. Hapa Dabani, wilayani Busia, wanafunzi wetu wanaweza kupita mbele ya jiwe la namna hiyo kila siku wasilione kuwa ni matini. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba utanzu huu ni mkongwe, na kwamba una funzo kwetu sisi walimu wa lugha.

Katika ufalme wa kale wa Saba, nchini Yemeni, watu walichonga nadhiri zao kwenye mawe ya mahekalu kwa hati iitwayo musnadi. Hati hiyo ina herufi 29, zote konsonanti, na maneno hutenganishwa kwa kistari cha wima. Hazina kubwa ilipatikana katika hekalu la Awam, karibu na Marib, lililochimbuliwa na Wamarekani chini ya Wendell Phillips mwaka 1951 na 1952. Albert Jamme alichapisha mengi ya maandishi hayo mwaka 1962.

Muundo wake haubadiliki sana. Huanza jina la mtoaji na ukoo wake, kisha kitenzi *hqny*, jina la mungu Almaqah, na kitu kilichotolewa, aghalabu sanamu. Hufuata sababu: kupona maradhi, kurudi salama vitani, au kupata watoto na mavuno. Mwisho huwa ni ombi la kuendelea kulindwa. Mzizi *qny* una maana ya kumiliki. Kiambishi *h-* ni cha usababishi. Kwa hiyo *hqny* ni 'kumilikisha'. Tofauti ni kwamba usababishi wetu hukaa baada ya mzizi, wao huutanguliza.

Desturi hiyo ilivuka Bahari ya Shamu. Mwaka 2007, huko Meqaber Ga'ewa karibu na Wukro, Tigray, iligunduliwa madhabahu ya Almaqah yenye maandishi ya mfalme Waran. Yanataja mji wa Yeha. Tena yanamtaja mama yake mfalme pamoja na baba yake, jambo lisilo la kawaida katika maandishi ya wafalme wa Saba. Hati ilitoka ng'ambo, lakini nasaba iliyoandikwa ilikuwa ya mwenyeji, kwa desturi yake. Hati hiyo ndiyo baadaye iliyozaa hati ya Kigeezi.

Tunalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaodai hadi leo kwamba Kiswahili ni cha wageni kwa kuwa kiliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, yanayotaja aliyeamuru ujengwe. Je, kwa herufi hizo Kizimkazi si ya Wazanzibari? Kuazima kalamu si kuuza ulimi.

Mawe nayo hupotea. Marib iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023 na papo hapo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tigray nayo iliathiriwa na vita vya 2020 hadi 2022. Hapa kwetu, rangi na saruji hufuta majina bila vita vyovyote. Tunawaomba walimu wa Busia na Tororo wawatume wanafunzi wakanakili mawe yao: jina, kitenzi, sababu na tarehe, katika lugha yoyote iliyotumika. Mali bila daftari huisha bila habari.