Hataza za vifaa vya kuumika hazihusu tiba yenyewe
Kuumika, au hijama, ni tiba ya kufyonza ngozi kwa chuku, yaani pembe, bilauri au kikombe. Nchini China, tabibu wa karne ya nne Ge Hong aliandika juu ya matumizi ya pembe. Jambo la kale namna hiyo halipewi hataza, kwani sheria hudai upya. Kinachoombewa ulinzi ni maboresho ya chombo: pampu badala ya moto, vali ya kuzuia hewa isirudi, kikombe cha silikoni na, siku hizi, vipimo vya elektroniki vinavyoonesha nguvu ya kufyonza.

Sheria ya hataza ya China, iliyoanza kutumika Aprili 1, 1985, hulinda uvumbuzi kamili kwa miaka 20 na ubunifu mdogo kwa miaka 10. Huo wa pili hausubiri uchunguzi wa kina, hivyo huwavutia watengenezaji wa vifaa vidogo.

Mnunuzi hana budi kuwa macho. Ofisi ya hataza hupima upya wa kifaa, si nafuu ya mgonjwa; muuzaji anayedai zaidi ya hapo anapiga chuku tu. Aidha, hataza iliyotolewa Beijing pekee haimfungi fundi wa Dar es Salaam, na mwenye pembe yake hadaiwi kitu.